Mpaka Mwimbaji Ainuke

Marehemu alianza kuimba jua lingali kali, na kama ilivyokuwa tabia yake enzi za uhai, kabla ya kufungua wimbo alilalamika kwanza.

"Fundi, besi inaninyonga! Punguza, mama. Watu hawakuja hapa kusikiliza ng'ombe wakicheua."

Ukumbi wa Mkonge ukaangua kicheko. Zamda Kasanda, fundi mitambo wa bendi ya Ngerengere Sauti, akanyoosha mkono akajifanya kupunguza besi.

"Hapo sawa," marehemu akasema. "Mungu akupe mume mwenye masikio."

Hakuna kilichoguswa. Ndivyo walivyochezeana miaka na miaka, Chanzi Mloka analalamika, Zamda anajifanya kurekebisha, Chanzi anashukuru, na wote wawili wanajua ni maigizo. Tofauti ni kwamba sasa Chanzi alikuwa amelala makaburini, chini ya udongo mwekundu wa Morogoro, na aliyelalamika alikuwa kinasa kisichozidi kipande cha sabuni ya mche, kilichofungwa kwa mpira kwenye mlingoti wa maikrofoni. Kilikuwa na taa moja nyekundu. Wanamuziki walikiita Koo.

Ilikuwa bonanza la Jumapili. Watoto walikimbizana kati ya meza, mishikaki ilifuka moshi kule uani, na Mlima Uluguru ulikuwa umevaa ukungu mabegani kama mtu aliyetoka kuoga. Mzee Pazi, kiongozi wa bendi, akakwanyua gitaa la solo. Koo likampokea. Gitaa likauliza, sauti ikajibu, gitaa likatania, sauti ikatukana kwa adabu. Mtu asiyejua angeapa kwamba wazee wawili wanagombania kiti.

Wimbo ukafika kwenye chemko, pale mdundo unapokolea na watu kucheza, na Chanzi akaanza kuita majina.

"Kidawa wa Kihonda, upo?"

Bangili ya simu ikatetemeka mkononi mwa mama mmoja mnene mezani kwake, kumjulisha ametajwa. Akainuka, akapunga leso. "Nipo!"

"Nimekuona. Tuendelee. Mwalimu Dachi, upo?"

"Nipo!"

"Nimekuona. Tuendelee."

Bendi zote huita majina, lakini Chanzi alikuwa na wazimu wake: haruki jina. Akishakuita, hasongi mbele mpaka uitike mwenyewe, kwa sauti yako. Aliwahi kusimamisha ngoma, gitaa na ukumbi mzima kwa ajili ya bwana mmoja aliyekuwa amekwenda kujisaidia, mpaka bwana yule akarudi anakimbia huku anafunga mkanda. Koo lilikuwa limejifunza wazimu huo pamoja na mengine yote.

Kisha sauti ikashuka. Zamda akajua kinachokuja.

"Mwantumu," Koo likaimba, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. "Mwantumu. Fungua dirisha."

Ukumbi ukapagawa. Wasichana wa mstari wa mbele walikuwa wamevaa fulana zilizoandikwa DIRISHA kifuani, na wote wakainua mikono juu. "Tumefungua!" wakapiga kelele. "Tumefungua, babu!"

Koo likanyamaza, likasikiliza. Katika kelele zile zote halikupata lilichokuwa likitafuta.

"Mwantumu. Fungua dirisha."

Likaita tena, na tena, mpaka Mzee Pazi mwenyewe akalifunika kwa gitaa na kumaliza wimbo kwa nguvu, huku watu wakishangilia hadi vigae vya umeme wa jua vya paa vikavuma.

*

"Umeziona fulana?" Mzee Pazi aliuliza, anafuta nyuzi kwa kitambaa. Ukumbi ulikuwa umebaki na wafagiaji tu. "Huyu mtu amekufa ndiyo akawa mtunzi. Akiwa hai tulimbembeleza kwa chai na maandazi kupata ubeti mmoja."

Zamda alikuwa anakunja nyaya. Kwa kawaida angekuwa na la kujibu. Mwanamke huyu wa Kinyamwezi aliwahi kuunguliwa na nyumba, akaachwa na mume wiki hiyo hiyo, na kesho yake akafika mazoezini akiuliza nani ana kiberiti, maana chake kimeshafanya kazi. Leo aliweka waya chini, akauliza.

"Kiongozi, unamjua Mwantumu?"

"Nitamjuaje? Wanawake wa Chanzi wa kwenye nyimbo wangejaza uwanja wa mpira."

"Mwantumu ni mama Zaituni."

Kitambaa kikasimama. Wote walimjua mke wa Chanzi kwa jina la mwanawe. Jina lake mwenyewe mumewe alilitumia faraghani tu, na Zamda alilijua kwa sababu fundi mitambo husikia hata asiyoyataka.

"Basi amemtungia mkewe wimbo," Mzee Pazi akasema. "Vizuri."

"Hajatunga, Kiongozi. Njoo usikie."

Vinasa vya zamani vilidaka sauti ikishatoka mdomoni. Koo halikungoja. Lilipokea mtikisiko wa mifupa ya shingo, pumzi inavyopanda na kushuka, na namna mtu anavyosita kabla ya kusema neno. Mwimbaji alifungua kikao kwa kuimba noti yake mwenyewe, na tangu hapo kinasa kikawa kinamsoma. Kikao kikiwa wazi, Koo liliweza kuimba jambo jipya, likajibu gitaa na kumtukana fundi. Kikishafungwa, yaliyonaswa yalibaki kama santuri, unasikiliza yale yale. Na hakikufunguliwa tena ila kwa koo la mwenyewe, likiwa hai. Watengenezaji waliweka kufuli hiyo makusudi ili mtu asiibiwe sauti.

Zamda ndiye aliyeweka sheria ya bendi: kinasa hakizimwi mpaka mwimbaji ainuke kitini. Alikuwa amegundua kwamba mistari mizuri ya Chanzi hutoka akidhani anapumzika, anakunywa chai, anajikuna mguu. Ukizima mapema umepoteza wimbo.

Chanzi alipougua, akashindwa kuja mazoezini, aliomba Koo liwekwe kando ya mto wake wa kulalia. "Nitaimba nikiwa nimelala," alisema. "Nikiondoka, bendi isilale." Akawa ananong'ona beti zake pale kitandani, na taa nyekundu inawaka. Watu wa nyumbani wakaizoea kama wanavyomzoea mjusi wa ukutani. Hakuna aliyeizima. Mwimbaji alikuwa hajainuka.

Hakuinuka kabisa. Na hadi Jumapili hii, taa ilikuwa haijazimwa.

Zamda akampa Mzee Pazi visikilizio, na yeye akavaa vingine. Alikuwa ameshaisikiliza saa ile ya mwisho ya marehemu mchana huo, peke yake, na alitamani asingekuwa peke yake.

Pumzi za mgonjwa. Jogoo wa jirani. Mahali fulani karibu na kitanda, mtu mwingine anakoroma, koroma nzito ya mtu aliyekesha siku nyingi. Kisha sauti ya Chanzi, nyembamba: "Mwantumu. Mwantumu. Fungua dirisha." Koroma ikaendelea. Akaita tena. Baadaye akaacha kuita, akavuma kidogo wimbo usio na maneno, akaita mara ya mwisho. Halafu hakuna pumzi, ni jogoo tu.

Baada ya kitambo kirefu koroma ikakatika, na mwanamke akasema kwa sauti ya usingizi: "Baba Zaituni, uji umepoa. Nikupashie?"

Mzee Pazi akavua visikilizio, akaviweka chini polepole kama vimejaa maji.

"Mama Zaituni alituambia alikuwa amemshika mkono," akasema.

"Alitwambia."

"Futa neno hilo, Fundi. Hilo moja tu."

"Ukishakoroga sukari kwenye chai, utaichotaje? Limeshaingia kwenye kila pumzi yake. Koo linamwita kwa sababu mwenyewe aliita na hakuitikiwa, na yule bwana haruki jina. Litamwita kila Jumapili mpaka ukumbi uanguke. Dawa ni kufunga kikao."

"Ukifunga, tumemzika mara ya pili."

"Mara ya kwanza tulimzika nusu."

Mzee Pazi akatazama kigoda cha Chanzi, kilichoachwa mbele ya mlingoti. "Mwenyewe alisema bendi isilale. Tulisikia wote. Wewe ni nani, mimi ni nani, tuvunje neno la marehemu?"

"Alitoa nyimbo zake, Kiongozi. Kifo chake hakukitoa. Hata sisi hatukuomba, tulisahau taa tu. Na sasa watu wanakichezea kiuno."

"Unajua nikifika nyumbani naongea na nani?" Mzee Pazi aliuliza ghafla. "Na makochi. Hapa nikikwanyua, kuna anayenijibu. Najua ni mashine, usinifundishe. Lakini ananijibu, Zamda."

Hakuwa amemwita kwa jina miaka mingi. Zamda akafungua mpira, akalichukua Koo, akaliweka kwenye mkoba wake na taa yake inawaka.

"Sijaamua kitu," akasema. "Naenda kumsikiliza mwenye jina."

*

Mwantumu alikuwa kwenye eda, hatoki nje, amevaa nguo zake nyeupe zisizo na pambo. Ndiyo maana hakuwa amekanyaga ukumbini tangu mazishi.

"Hodi!" Zamda akaita mlangoni. "Nimefuata godoro la marehemu. Mlisahau kunipa."

"Mtani mbaya amekuja," sauti ikajibu ndani. "Ficheni masufuria."

Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na Zamda hakuwahi kuiacha haki hiyo ilale. Siku ya mazishi alikaa juu ya rundo la udongo, akakataa katakata Mluguru yule azikwe mpaka aamke amrudishie kofia yake. Watu walicheka huku wakilia, kisha wakampa kofia, naye ndipo akaangua kilio kuliko wote.

Wakaketi chumbani, Mwantumu kwenye mkeka, Zamda kando ya kitanda kilichotandikwa shuka safi. Dirisha la mbao lilikuwa limefungwa. Chai ikaletwa, ikapoa.

"Watoto wa shule wanapita hapa wanaimba jina langu," Mwantumu akasema. "Jina ambalo hata majirani hawalijui. Nimekaa humu nawasikia, Mwantumu fungua dirisha, Mwantumu fungua dirisha. Nikajiuliza, baba Zaituni alilisema lini? Nilikuwa hapa siku zote."

Uongo ulikuwa tayari ulimini mwa Zamda, umeshapigwa pasi. Mashine imetunga, mtani. Ndivyo zilivyo, zinaokota maneno ovyo. Angesema hivyo, wangekunywa chai, angeondoka. Mwanamke huyu angebaki na ule mkono aliosema aliushika, na Jumapili inayofuata mumewe angemwita tena mbele ya wasichana wa fulana.

"Ile ni mashine tu, mtani," akaanza.

"Zamda." Mwantumu aliweka kikombe chini. "Utani umekwisha. Niambie."

Zamda akalitoa Koo mkobani, akalishika kwa mikono miwili. "Siku ile alikuita. Ulikuwa umelala hapo hapo mkekani. Uchovu, mtani, ulikuwa hujalala tangu lini. Aliona joto, akataka hewa."

Mwantumu alichukua upindo wa nguo yake, akaukunja, akaukunja tena, mpaka ukawa fundo.

"Aliita mara ngapi?"

"Sikuhesabu." Alikuwa amehesabu.

"Alilia?"

"Hapana. Aliimba kidogo."

"Na mimi?"

Zamda alitafuta neno la adabu, hakulipata. "Wewe ulikoroma."

Kisha mabega ya Mwantumu yakaanza kutikisika, na Zamda hakujua ni kicheko au kilio mpaka alipoona ni vyote viwili, vinapigana njiani. "Nilikoroma," Mwantumu alisema, anajipangusa kwa kiganja. "Mume anakata roho, mimi nakoroma. Yaani angekuwa hai angenitungia."

"Ameshakutungia. Fulana zimechapishwa."

Wakacheka tena, kisha Mwantumu akaegemea kitanda akalia sawasawa, na Zamda akamwacha. Alipomaliza alisema, "Washa nimsikie."

"Mtani, huna haja."

"Wamemsikia watoto wa shule."

Zamda akaliweka Koo juu ya kigoda kando ya mto, mahali pake pa zamani. Hakukuwa na bendi. Akachukua sinia la chai, akaligeuza, akapiga kwa vidole mwendo wa chemko. Koo likapokea mapigo, likavuma kutafuta mlango wa wimbo. Halikulalamikia besi. Pengine lilisikia lilipo. Likavuta pumzi kama linataka kuita majina ya ukumbini, likasita, kisha sauti ikashuka.

"Mwantumu. Mwantumu. Fungua dirisha."

Mwantumu aliziba mdomo. Koo likangoja. Zamda akaendelea kupiga sinia, vidole vinamuuma.

"Mwantumu. Fungua dirisha."

Mjane akainuka. Akaliendea dirisha, akavuta komeo. Ubao ulikuwa umevimba kwa mvua za mlimani, haukutaka kutoka. Akaupiga bega mara moja, mara mbili, na dirisha likafunguka kwa kishindo, likagonga ukuta wa nje, na hewa ya Uluguru ikaingia na harufu ya migomba.

"Nimefungua, baba Zaituni," akasema.

Sinia likanyamaza. Koo likasikiliza. Sauti hii liliijua. Lilikaa nayo chumba kimoja majuma mengi.

"Nimekuona," likasema. "Tuendelee."

Likaimba. Ulikuwa ule wimbo usio na maneno alioanza siku ile bila kuumaliza, na sasa ulikwenda wima mpaka mwisho wake, ukageuka, ukatulia. Mwantumu alisikiliza amesimama dirishani, mkono kwenye komeo.

"Ni yeye?" akauliza.

"Hapana, mtani. Ni hesabu. Ila hesabu zenyewe zimetoka kwake."

Mwantumu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepimiwa unga na kuona kipimo ni haki. Akasogea kitandani, akatandua shuka, akalikunja, akaliweka begani.

"Ameinuka," akasema. "Zima."

Zamda akamfikiria Mzee Pazi na makochi yake. Akafikiria neno la marehemu, bendi isilale. Akafikiria jambo ambalo hakumwambia mtu, kwamba yeye pia, kila Jumapili, alifika ukumbini mapema ili atukanwe kuhusu besi. Koo lilikuwa limesema tuendelee. Akabonyeza hata hivyo, akashikilia kidole.

"Kikao kifungwe, Fundi?" Koo likauliza. Kila kifaa huuliza hivyo kabla ya kutii. Ila hiki kiliuliza kwa sauti ya Chanzi, kwa sababu hakikuwa na nyingine.

"Funga, kaka."

Taa nyekundu ikazimika.

*

Mzee Pazi hakumsemesha Zamda juma zima. Jumapili alifika, akafunga nyuzi mpya, akakaa kwenye kigoda cha Chanzi mwenyewe bila kuombwa na mtu. Kwenye mlingoti kulikuwa na maikrofoni tupu.

"Dirisha!" wasichana wa fulana wakaanza mapema. "Dirisha! Dirisha!"

Akaimba. Sauti yake ilikuwa kama bawaba ya geti la shule, na watu wa meza za nyuma wakaanza kutazama simu zao. Wengine waliinuka wakaondoka. Zamda alipandisha, akashusha, akafanya kila ambalo mtambo unaweza kufanya kwa sauti ya namna ile, nalo si jingi. Mzee Pazi aliendelea. Akafika kwenye chemko, akaita majina.

"Kidawa wa Kihonda, upo?"

"Nipo!" Yule mama mnene alikuwa hajaondoka. Akapunga leso yake peke yake.

"Nimekuona. Tuendelee." Akakwanyua kidogo, akafumba macho. "Chanzi Mloka, upo?"

Ukumbi ukanyamaza, hata uani kwenye mishikaki. Mzee Pazi akaondoa mkono kwenye nyuzi. Akangoja. Hakuruka jina. Ngoma za umeme zikapiga mzunguko mmoja tupu, zikapiga wa pili, na Zamda akaona kwamba mzee huyu atangoja hivyo mpaka jioni iingie, mpaka wa mwisho atoke na wafagiaji waingie.

Akasimama nyuma ya mtambo wake, akainua mkono juu kama shabiki.

"Ameinuka, Kiongozi," akaitika kwa sauti yake mwenyewe, bila maikrofoni. "Tuendelee."